Dago, Mgao na Radhi

Mtoto akizembea masomo, watu wa mjini humtisha: "Shauri yako, utaishia kuvua." Wengine hufika Kojani msimu wa dago, wakaona madawati matupu, wakaondoka na habari kwamba Wakojani hawana haja na elimu. Mimi nimezaliwa kwenye kisiwa hicho kidogo cha mashariki ya Pemba, binti wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, na leo ni mwalimu. Maneno hayo yananiuma kwa sababu si kweli.

Dago ni kambi ya wavuvi ugenini. Upepo ukifaa, vyombo huvuka kwenda pwani ya Tanga, Mafia, hata upande wa Kenya, na watu wakakaa huko mpaka wapate cha kurudi nacho. Wapo waliolowea. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba waliokaa kwake vizazi kadhaa bila vitambulisho, na wengi wao ni kizazi cha wavuvi kama hao.

Kijana alianzia chini kabisa: kufua maji kwa upo, kupika, kutia chambo. Usiku alionyeshwa nyota za Kilimia. Babu alihesabu siku tangu Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa Waswahili, kumi kumi, kila kumi mwongo mmoja, na kwa hesabu hiyo alijua kaskazi italegea lini na kusi itaingia lini. Hakuwa na kalenda ukutani wala hakuihitaji. Anayesema huyo hakusoma, anieleze kusoma ni nini.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni mgao. Chombo kikifika pwani, aliyekamata kamba akasaidia kukipandisha hapewi asante tupu, hupewa kitoweo. Mjane ambaye mume wake alikuwa baharia hupelekewa nyumbani, asije akasimama pwani kuomba. Samaki wakishauzwa hutolewa gharama, kisha fungu la chombo na fungu la nyavu, na kilichobaki hugawiwa mabaharia mbele ya macho ya wote. Kijana wa kufua maji naye ana fungu, hata likiwa nusu. Baba aliyahesabu mafungu kwa sauti, na mtu akinung'unika, aliyarudia tangu mwanzo.



Kuchagua njia ya maisha nako kulikuwa na taratibu zake. Kaka yangu alipotaka useremala hakutoroka. Alimngoja baba amalize kuswali Isha, akakaa mkekani, akasema, "Baba, naomba radhi yako. Moyo wangu haupo baharini." Baba alinyamaza kitambo, kisha akamjibu, "Nenda nami dago hili moja, mwanangu. Ukirudi na moyo uleule, nitajua si woga." Akaenda. Aliporudi alisema neno lilelile. Baba akaagiza gilasi ya maji, akaisomea Fatiha, akampa anywe, na fedha ya fungu lake ikanunua randa na msumeno. Leo anaunda ngalawa. Nami nilipotaka ualimu niliombewa dua hiyo hiyo, kwenye mkeka huo huo.

Malezi hayo ndiyo yanayopotea. Nyavu za macho madogo zimekomba mpaka vitoto vya samaki, na juya linaburuzwa juu ya matumbawe wanakozaliana. Samaki wa karibu wakipungua, dago linarefuka, na kijana anachukuliwa kwa kuwa nyumbani hakuna chakula, wala hakuna mwenye nafasi ya kumwonyesha nyota. Harudi kuulizwa moyo wake uko wapi. Hapo nakubaliana na wanaolalamika: mtoto wa shule asipelekwe dago ila wakati wa likizo, na mzazi anayemtoa darasani katikati ya muhula anamdhulumu.

Walimu wenzangu, acheni kuwatisha watoto kwa kazi iliyowalea wazazi wao. Mwalikeni mzee wa bahari darasani, awafundishe miongo na pepo, muulize maswali pamoja na wanafunzi. Nanyi wazazi wa Kojani, mtoto akija mkekani kuomba radhi, msikilizeni mpaka amalize.