Kenge Katika Ndoo: Mtoto Anapotaka Kumfuga Mnyama wa Porini

Jumamosi moja ya msimu wa masika, mvulana wa miaka 11 aliingia uani kwao na ndoo iliyofunikwa kwa kipande cha leso kuukuu. Mamake alikuwa ameketi akikuna nazi. "Mama, usipige kelele," alisema yule mtoto, "nimekuja na rafiki." Alipofunua leso, ndani ya ndoo mlikuwa na kenge mchanga, urefu wake kama shubiri moja na nusu, mweusi mwenye madoa ya manjano, ulimi wake uliopasuka ukitoka na kuingia mithili ya ulimi wa nyoka.

Mama aliiacha mbuzi ya nazi na kusimama mlangoni. Jirani aliyesikia rabsha akashauri kenge apigwe mchi mara moja. Mtoto akalia. "Mama, nitamlisha mimi. Nitampa dagaa zangu."

Mama huyo alitujia na swali ambalo huenda wazazi wengi wa mitaa iliyo karibu na mito na mikoko wamewahi kulikabili: je, amruhusu mwanawe kumfuga kenge, amuue, au afanye nini? Ni swali la dini, la afya, la sheria na la malezi kwa pamoja, nasi tumeona lastahiki kujibiwa kwa utuvu.

Kenge ni nani hasa?

Kenge, ambaye wengine humwita burukenge, ndiye mkubwa katika jamaa ya mijusi. Huku kwetu wako wa aina mbili mashuhuri. Wa kwanza ni kenge wa majini, akaaye kando ya mito, mabwawa na mikoko. Wa pili ni kenge wa nchi kavu, apendaye miti, miamba na vichuguu.

Jike wa kenge wa majini hufukua kichuguu cha mchwa, akataga mayai yake humo, ambayo huweza kufika hata 60, kisha akaenda zake. Mchwa huziba tundu lile, na joto na unyevu wa kichuguu huyalea mayai kwa miezi mingi. Mvua ikilainisha udongo, vitoto huchimba njia na kutoka. Yule aliyebebwa katika ndoo, basi, huenda hakuwa na siku nyingi tangu auone mwanga wa jua.

Wazee wetu humwita mtoto asiyesikia "sikio la kenge". Lakini mnyama huyu anasikia, na akili anayo. Katika majaribio yaliyofanywa katika bustani ya wanyama ya San Diego nchini Marekani, kenge wa nchi kavu walionekana wakitambua idadi ya konokono waliopewa, hadi sita. Akipungua mmoja, huendelea kumtafuta. Si ajabu mtoto kumpenda mnyama wa namna hii. Mapenzi yake si kosa. Lililobaki ni kuyaongoza.

Dini yatuelekeza nini?

Uislamu haukukataza kufuga mnyama kwa mapenzi. Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo aliyeitwa kwa lakabu ya Abu Umayr, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto kwa kumuuliza habari zake kwa maneno ya upole. Wanavyuoni wametoa katika kisa hiki ruhusa ya mtoto kufuga ndege, maadamu hateswi.

Lakini papo hapo pana kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki yake katika wadudu wa ardhi. Tuzingatie sehemu mbili za kosa lile: kumnyima na kumzuia. Anayemfunga mnyama amejitwika riziki yake yote, na ataulizwa juu yake.

Kisa cha tatu ndicho kinachokaribiana zaidi na ndoo yetu. Masahaba walipokuwa safarini walimwona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua. Mama ndege akaja akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) alipoona hali ile aliuliza ni nani aliyemfadhaisha ndege huyu kwa wanawe, akaamrisha warejeshwe. Kenge, ni kweli, halei watoto wake kama ndege. Hata hivyo, funzo la kurejesha kilichotwaliwa porini bila ya haja linabaki palepale.

Wako pia wanaomchanganya kenge na yule mjusi wa jangwani, dhabbu, aliyeandaliwa mbele ya Mtume (S.A.W.) naye asimle, na Khalid bin Walid akamla. Hawa ni wanyama wawili mbalimbali: dhabbu chakula chake kikubwa ni majani, na kenge ni mla nyama. Hukumu ya kuliwa kwake ni mlango mwingine, tunawaachia masheikh wetu.

Haki za kenge kwa mfugaji wake

Hebu sasa tutazame kwa insafu anachohitaji kenge akiwa mikononi mwa binadamu. Wako watu katika nchi nyingine wanaowafuga kwa vibali na kwa ujuzi, na masharti yao ni mazito.

Mosi ni nafasi. Mgeni wa shubiri moja na nusu hatabaki hivyo. Kenge wa majini hukua akafika mita moja na nusu, na wengine hupita mita mbili, naye huishi miaka mingi. Ndoo haimfai hata wiki moja. Mkubwa huhitaji banda la ukubwa wa chumba, lenye udongo mwingi wa kuchimba, magogo ya kupanda, na birika la maji la kuzamia mwili mzima linalosafishwa kila mara, kwa kuwa humo humo huenda haja.

Pili ni joto. Kenge hana joto la ndani ya mwili kama sisi. Lazima apate mahali pa moto sana pa kuota jua na mahali pa baridi pa kukimbilia, achague mwenyewe. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni. Akikosa kivuli, hufa kwa saa chache. Wengi waliofungiwa katika ndoo au debe juani wamekufa hivyo, na mtoto akadhani rafiki yake amelala.

Tatu ni chakula. Porini kenge hula wadudu, konokono, kaa, samaki, vyura, panya na mayai, mifupa na magamba kwa pamoja. Nyama tupu ya kusaga haimtoshi. Akikosa madini ya kalsiamu na miale ya jua, mifupa yake hulainika na kupinda, taya likalegea, miguu ikashindwa kumbeba. Akilishwa kupita kiasi bila ya kutembea, hunenepa akaharibika ini. Na jike asiyepata udongo wa kufaa kutagia huweza kufa na mayai tumboni.

Nne ni tabia yake. Kenge huweza kuzoea kumwona mtu, lakini si paka wa kupakatwa. Akihofu huchapa kwa mkia kama kiboko, hukwaruza kwa kucha na kuuma kwa nguvu bila ya kuachia. Mkia wake si kama wa mjusi wa ukutani, ambao hukatika ukaota tena. Wa kenge ukikatika haurudi. Kwa hiyo kumkamata kwa mkia ni kumdhulumu.

Wanyama hawa wamepata taabu kubwa kwa biashara ya mapenzi. Kutoka Ghana, Togo na Benin, kenge wachanga wa nchi kavu husafirishwa kwa maelfu kwenda Marekani na kwingineko, na wengi hawadumu. Katika mji wa Cape Coral, Florida, kenge wa majini waliotokana na biashara hiyo wamezaliana porini tangu miaka ya 1990, wakawa balaa kwa ndege na mayai ya huko. Aliyechoka kufuga alifungua mlango, na madhara yakawapata wasiohusika.

Afya na tahara ya nyumba

Wanyama watambaao hubeba tumboni vijidudu vya salmonela bila ya wao kuugua. Binadamu akivipata huharisha, hutapika na kushikwa na homa. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wagonjwa. Kwa hiyo mtoto aliyemshika kenge aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na ndoo ile isirejee jikoni tena. Akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe hospitali, ambako atatazamwa pia haja ya sindano ya pepopunda.

Upande wa tahara, katika madhehebu yetu ya Shafi mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe, lakini choo chake ni najisi. Kenge anayezurura chumbani atamtia mama mashakani kila anapotandika msala wake.

Sheria ya nchi

Kenge ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, hairuhusiwi kumkamata au kumfuga mnyamapori bila ya kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Aidha, kenge wa aina zote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Mzazi asidhani kwamba udogo wa mtoto au wa mnyama ni udhuru.

Akiwa tayari yumo nyumbani

Msimpige mchi, wala msimtupe popote. Mwekeni kivulini, ndani ya chombo chenye matundu ya hewa, na watoto wakae mbali. Ikiwa ameokotwa punde na ni mzima, arejeshwe palepale alipopatikana, karibu na maji na majani. Ikiwa ameumia, au amekaa nanyi kwa siku nyingi, wapigieni KWS simu au mwendee ofisi yao iliyo karibu.

Kwa kina mama wenye kuku, malalamiko yenu twayajua: kenge huiba mayai na vifaranga. Yeye hutoka mchana, si usiku. Zibeni mapengo ya banda kwa wavu wa waya uliozikwa ardhini kidogo, okoteni mayai mapema, na msitupe matumbo ya samaki karibu na nyumba, maana harufu yake ndiyo inayomwita. Na mkumbuke kwamba huyo huyo hula panya na mayai ya nyoka.

Na mtoto je? Usimvunje moyo. Anayependa wanyama apewe mnyama anayeweza kumtimizia haki yake: paka, njiwa, au kuku mmoja awe wake wa kulisha asubuhi na jioni. Siku ya mapumziko mpelekeni Haller Park, Bamburi, akawaone mamba, nyoka na kobe wakubwa mahali wanapotunzwa na wenye ujuzi.

Mama wetu yule alifuatana na mwanawe hadi ukingo wa mto alikomtoa kenge. Mtoto aliinamisha ndoo kwa mikono yake mwenyewe. Kenge alisita kidogo, akaonja hewa kwa ulimi, kisha akatoweka majanini. Njiani kurudi mtoto alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Mama, atapata chakula?" Mama akamjibu kwamba aliyemlisha kabla ya ndoo ndiye atakayemlisha baada yake.

Wabillahi tawfiq.