Usimfasirie Mwenzio Dhiki Yake

Hapatandikwi matanga hapa Voi, wala halimaliziki darasa la fasihi, asitokee mtu wa kuniuliza swali lile lile, tena kwa moyo safi kabisa: "Mwalimu, falsafa yasemaje, msiba huu umekuja kutufunza nini?" Nimelijibu kwa upole muda mrefu. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa kuwa nimeona likiwadhuru watu waliokwisha kudhurika, na subira yangu juu yake imefika ukingoni.

Itikadi iliyolizaa swali hilo yajulikana: kwamba hakuna dhiki isiyo na funzo, kwamba mateso ndiyo yamkomazayo mtu, na kwamba asiyeiona faida ya mateso yake amepungukiwa ama na imani ama na akili. Wahamasishaji huihubiri majukwaani, simu huizungusha usiku na mchana, na siku hizi nimeiona hata katika karatasi ya utaratibu wa mazishi, imechapwa chini ya picha ya kijana aliyegongwa na lori katika barabara kuu ya Mombasa, na chini yake jina la mwanafalsafa Friedrich Nietzsche. Ilikuwa ile kauli yake mashuhuri, kwamba jambo lisilomuua mtu humwongezea nguvu. Sasa huyu kijana alikuwa amekwisha kufa. Mama yake alikuwa ameishika karatasi ile mkononi, na hapana aliyefikiri kwamba mama huyo ajua kusoma.

Wenye kuisambaza kauli hiyo na wasome habari za mwenyewe. Nietzsche aliiandika mwaka 1888, na kitabu kilichoichukua kilitoka mwaka 1889. Januari ya mwaka huo huo akili yake ilianguka mjini Turin, isiinuke tena, akaishi miaka 11 akitunzwa na mama yake, kisha na dada yake, hata alipofariki mwaka 1900. Simsimulii kwa kumwaibisha, kwani maradhi si aibu. Nasema tu kwamba yako mambo yasiyomuua mtu yakamwacha bila ya nguvu yoyote, na aliyeyasema maneno hayo ni shahidi wa hilo. Viktor Frankl naye, daktari wa akili ambaye jina lake hutajwa kila mara pamoja na la Nietzsche, alitoka katika kambi za Wanazi akatoa kitabu mwaka 1946 juu ya maana ya maisha. Lakini wanaomnukuu huruka pale anaposema waziwazi kwamba mateso si sharti la kuipata maana, na kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yapasa kuondolewa kwanza.

Tena twatafuta nini mbali, ilhali jibu limo katika vitabu tulivyorithi? Kisa cha Ayubu chajulikana msikitini na kanisani, na washairi wa pwani walikitungia utenzi zamani. Katika Biblia, rafiki zake watatu walipomjia walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, wasiseme neno, na muda huo walikuwa rafiki kweli. Walipovifungua vinywa vyao wakaanza kumfasiria sababu ya msiba wake, wakawa adhabu juu ya adhabu, na mwisho wa kitabu Mwenyezi Mungu anawakemea wao walioeleza, si yeye aliyelalamika. Sijui kitabu kingine kinachomkemea mfariji kwa ukali kama huo, na nastaajabu kuona kwamba ndicho hicho kinachosomwa matangani kwa kumhimiza mfiwa anyamaze.

Mwenye kusisitiza kwamba kila dhiki ina funzo na aende mlima Kasigau. Mwaka 1915, katika vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa katika nyika hizi zetu, Waingereza waliwatuhumu watu wa mlima ule kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakayachoma makazi yao, wakawahamishia Malindi, wazee na watoto wachanga pamoja, na wengi wakafia ugenini kwa njaa na maradhi. Waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao. Haya, waliozikwa Malindi walifunzwa nini, nao hawakurudi wakalitumia funzo hilo? Tukisema waliofunzwa ni wajukuu, tumewageuza wale marehemu kuwa ubao wa kuandikia, na hiyo ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Dhiki yenye sababu inayojulikana itajwe kwa sababu yake. Mkulima wa Sagalla aamkaye akakuta mahindi yamelala chini na tangi la maji limepasuliwa na ndovu hakuteremshiwa fumbo. Anaishi kando ya Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948; ndovu wamepita; sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya kudai fidia, na majirani zake waliotundika mizinga ya nyuki kuizunguka mipaka ya mashamba wamepunguza hasara. Kumwambia mtu huyo kwamba kila jambo lina makusudi yake ni kumpokonya madai yake na kumpa usingizi.

Wataita wa kale hawakukosa falsafa katika jambo hili, nayo ilikuwa na adabu kuliko hii ya simu. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa milimani Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwa urefu desturi ya kutasa: mtu hutia kinywani pombe au maji, akayanyunyiza kwa kuyatema, huku akitamka maneno ya heri na kuitoa hasira iliyofichika moyoni mwake, kwa kuwa hasira iliyofichwa, ya ndugu au ya mzee, iliaminiwa kuwa ndiyo iletayo madhara. Si lazima mtu aiamini itikadi hiyo ili aione hekima yake. Mwenye uchungu ndiye aliyesema, akasema kwa kinywa chake mwenyewe, na jamaa wakasikiliza.

Hapo ndipo fasihi inapofaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyatazama magofu ya Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akatunga utenzi wa Al-Inkishafi, alitoa mawaidha makali sana, lakini mawaidha hayo aliupa moyo wake mwenyewe. Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", aliandika mashairi gerezani katika karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, naye hakumshukuru aliyemfunga kwa kumkomaza. Maana ya mateso, ikiwa ipo, huitamka aliyeteswa, juu ya mateso yake, kwa wakati wake, na ana haki ya kutoitamka kamwe. Kadhalika lile swali zito zaidi linalofuata msiba, la mtu kujiuliza yeye ni nani sasa baada ya kufiwa na mume au kupotewa na ardhi: vitabu havimjibu, ila humwonyesha wengine waliouliza hivyo hivyo wasione haya.

Basi la kufanya ni hili, nalo si refu. Mfiwa msomee Al-Inkishafi kwa sauti, beti chache, na usieleze. Mwenye kudhulumiwa mpe Sauti ya Dhiki. Kitabu cha Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, nakipenda mno, walakini mhusika wake mkuu anaishia kujiua, basi asikisome peke yake aliyezama katika giza, bali kisomwe na watu wawili au watatu wajadiliane. Andika yako mwenyewe, hata kama hutamwonyesha mtu. Matangani, nenda, kaa, beba maji, nyamaza. Asiyelala, asiyekula, asiyeona tena sababu ya kuamka kwa majuma, huyo anahitaji tabibu kabla ya mshairi, na ampate siku hiyo hiyo katika hospitali ya rufaa ya Moi hapa Voi. Na ikiwa amejaribu kujitoa uhai, jamaa wasimfiche kwa hofu ya polisi, kwa maana Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jambo hilo kuwa jinai, kinapingana na Katiba.