Hita Inadondosha Maji: Usizibe Vali, Lipime Tangi

Leo tuweke kando malaria na minyoo, tuzungumzie chombo kilichomo katika nyumba nyingi, hasa za sehemu za baridi, nacho ni hita ya maji. Huenda ukauliza, tabibu na hita wapi na wapi? Jibu ni kuwa anayeungua kwa maji ya moto haletwi kwa fundi bomba, huletwa kwetu.

Msimu mmoja wa baridi nilikwenda Arusha kumjulia hali baba mkwe. Alfajiri nilipoingia kutawadha nikakuta ndoo imekingwa chini ya hita. Mzee akanieleza kuwa kila hita ikiwashwa, vali ndogo iliyo chini yake hudondosha maji, na yeye anaona hiyo ni israfu. Fundi alikwishapita akaahidi kurudi mchana na kiziba cha chuma. Nilimwomba mzee, kwa adabu zote, kiziba hicho kisifungwe.

Maji yakipata moto hutanuka. Hita ya lita 100, ikipasha maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60, huzalisha ziada ya takriban lita moja na nusu. Katika nyumba inayopata maji moja kwa moja kutoka simtanki la juu, bila kizuizi njiani, ziada hiyo hurudi ilikotoka. Lakini penye pampu, au penye vali ya njia moja kwenye bomba la maji baridi, ziada haina pa kurudi. Shinikizo hupanda mpaka vali ya usalama inafunguka na kuyatoa matone. Kumbe vali ile ilikuwa ikifanya kazi yake!

Sasa iziba, kisha kile kidhibiti joto kikwame siku moja umeme usikatike. Maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Siku chuma kitakapopasuka, shinikizo huondoka ghafla na maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji hutoa mvuke zaidi ya lita 1,600. Hita iliyopasuka namna hiyo huweza kutoboa dari. Aliyekuwa akioga chini yake sina haja ya kumweleza.

Ili vali isidondoshe kila siku, pembeni ya hita huwekwa tangi dogo la chuma, tuliite tangi la mtanuko. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, upande mmoja upepo, upande wa pili maji. Maji yakitanuka husukuma mpira, na upepo hukubali kubanwa. Nyumba ya mzee ilikuwa nalo tangu kujengwa, ila hakuna aliyelikumbuka. Mpira huchoka baada ya miaka.

Kulipima ni rahisi. Tafuta mdomo wa kujazia upepo, unafanana na ule wa tairi la gari. Bonyeza kile kipini cha katikati. Ukitoka upepo, mpira ungali mzima, pengine unahitaji kuongezwa upepo tu. Yakitoka maji, mpira umekwishapasuka na tangi halitengenezeki. La mzee lilinirushia maji usoni.

Wako wanaoona bora washushe joto la hita hadi nyuzi 40 ili matone yapungue. Hapo unaingia katika hatari nyingine. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, huzaliana vizuri katika maji ya nyuzi 20 hadi 45, na mtu huwavuta kwa manyunyu ya bafuni. Maji ndani ya hita yawe nyuzi 60. Lakini joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, basi changanya na ya baridi kabla mtoto hajaingia. Akiungua, mmwagilie maji baridi ya bomba dakika 20, usimpake dawa ya meno wala mafuta, kisha mlete hospitali.

Turudi kwenye tangi. Kwa hita ya lita 100 na pampu inayozimika kwenye baa 3, la lita 8 linatosha. Maji haya mnasukutulia, hivyo dai tangi lililoandikwa kuwa ni la maji ya kunywa. Usidanganyike na rangi, soma maandishi. Kabla ya kulifunga, likiwa bado tupu, lijaze upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka geji ionyeshe kiasi kile kile ambacho pampu ya nyumba huzimikia. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, hulifunga kama lilivyotoka dukani.

Zima umeme wa hita kwenye swichi kuu na uache maji yapoe, ikibidi usiku kucha. Funga koki ya maji baridi, fungua bomba la moto ili shinikizo liishe, ndipo ulifungue tangi kuukuu. Likamate kwa mikono miwili maana limejaa maji. Jipya lizungushie nyuzi zake tepu nyeupe ya mafundi bomba, likae upande wa hita baada ya vali ya njia moja, na lishikiliwe na kikamatio ukutani. Kati ya hita na vali ya usalama pasiwekwe koki kabisa. Fungua maji, acha bomba la moto wazi mpaka yatoke bila kupiga chafya za upepo. Umeme uwashwe baada ya hapo, si kabla, kwani hita tupu huunguza koili yake.

Fundi alipofika mchana tulilifunga pamoja, akarudi na kiziba chake. Kesho yake alfajiri ndoo ilikuwa kavu, mzee akaichukua kumwagilia mchicha.