Usitupe hiyo chupa, inaweza kuwa herini

Hebu angalia chini ya sinki la jikoni kwenu. Najua kuna chupa pale. Ile ya divai iliyoletwa Krismasi, ya mafuta ya zeituni, na nyingine ya bluu ambayo hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Mama huzihifadhi akisema zitafaa siku moja. Basi mwambie siku yenyewe imefika. (Za kreti usiguse, hizo zinarudi dukani, na ukizivunja utalipa wewe.)

Ninachotaka kukuonyesha ni kuunganisha vioo kwa moto, nyumbani, hadi upate herini, kidani au kipambo cha dirishani. Kioo hakiyeyuki ghafla kama barafu. Kinalainika pole pole. Kikifika nyuzi 700 na kitu za Selsiasi, kingo kali zinaanza kuviringika. Karibu na 800, vipande viwili vilivyolaliana vinashikana na kuwa kimoja. Huhitaji kupuliza bomba kama mafundi wa Anselm Croze kule Kitengela, ambao wamegeuza vioo vikuukuu kuwa glasi na taa zinazojulikana mbali. Kama hujawahi kufika huko, jipange siku moja. Yao ni kazi ya moto mkubwa na mapafu. Yetu sisi wa nyumba za kupanga ni kukata, kupanga na kungoja.

Tanuri la umeme la kweli ni ghali, sitakudanganya. Mimi nilianza na kale kachungu kanakoingia ndani ya maikrowevu. Kametengenezwa kwa nyuzi zisizoshika moto, na ndani kamepakwa kitu cheusi kinachofyonza mawimbi ya maikrowevu na kugeuka moto mkali. Unaagiza mtandaoni. Dakika chache tu, kioo kinang'aa rangi ya chungwa. Maikrowevu nilinunua ya mitumba, na tangu hapo haijaona chakula. Yako pia isione. Kasoro ya kachungu haka ni kwamba huwezi kukaamuru joto, na ndani haiingii kitu kikubwa kuliko herini au kidani kidogo. Kwa kujifunza, yatosha.

Sasa nikupe hadithi iliyonifundisha zaidi ya video zote nilizotazama.

Februari mwaka jana niliuza vidani vinane kwa wiki moja, Sh600 kila kimoja. Kwangu hiyo ilikuwa kodi. Nilikuwa nimechukua kijani cha chupa ya divai nikakilaza juu ya kioo cheupe cha dirisha nilichookota kwa fundi wa vioo hapa mtaani. Vilitoka vizuri, nikavipiga picha, nikaposti, simu ikaanza kulia. Siku ya tatu dada mmoja akanitumia picha: kidani kimepasuka katikati akiwa ndani ya matatu, na shingoni ana mkwaruzo wenye damu. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Hii ni kawaida?" Manze, afadhali angenitukana.

Haikuwa kawaida, na haikuwa bahati mbaya. Kila aina ya kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, lakini si kwa kiwango kimoja. Ukiunganisha aina mbili, moja inavuta na nyingine inakataa. Kidani kinatoka kizima, unakisifu, kumbe ndani kuna vita. Kinaweza kupasuka siku hiyo hiyo au baada ya wiki. Ndiyo maana mafundi wa ng'ambo hununua vioo vilivyopimwa viendane, na kila paketi imeandikwa namba. Sisi wa chupa za bure tuna sheria moja tu: chupa moja, kidani kimoja. Hata kijani na kijani cha chupa mbili tofauti usiamini.

Niliwapigia wote wanane. Waliotaka pesa niliwarudishia, waliotaka kidani kingine niliwatengenezea. Kodi ya mwezi huo, tuyaache hayo.

Siku hizi kabla ya kuuza napima. Washa laptop, weka skrini nyeupe, vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao, kisha izungushe mbele ya macho hadi skrini igeuke nyeusi. Sasa shika kidani chako kati ya macho na skrini. Ukiona mwanga unamulika pale vipande vilipoungana, hapo kuna mvutano. Usiuze. Usimpe hata shemeji yako.

Mvutano huo unaweza kutokea hata ukitumia chupa moja, ukiwa na haraka. Kioo kikipoa upesi, nje inakauka ndani ikiwa bado moto. Mwenye tanuri hukisimamisha karibu na nyuzi 540 kwa muda, ndipo akishushe taratibu. Sisi wa kachungu tunakiacha kimefunikwa juu ya tofali na kwenda kufua nguo. Usifunue kuchungulia. Nasema hivyo kwa sababu nakujua, utachungulia.

Kuvunja chupa ni rahisi: iloweke usiku kucha lebo itoke, ioshe isibaki mafuta hata ya vidole, ikaushe, ifunge ndani ya gunia, igonge kwa nyundo. Uchafu huleta utandu mweupe juu ya kioo kikitoka motoni, na chupa zina tabia hiyo sana. Vaa miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi ya maana, si ile ya kitambaa iliyobaki wakati wa Korona. Vumbi la kioo si la kuvuta mapafuni, kwa hivyo usifagie kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Vioo vya kujitazamia na vya mbele vya magari achana navyo: vya kwanza vimepakwa rangi na madini nyuma, vya pili vina plastiki katikati.

Kitu kingine: kioo kilicholainika hupenda unene wa milimita 6 hivi. Vipande viwili vya milimita 3 vikilaliana vitabaki na ukubwa wao. Kimoja chembamba kitajikunja kuwa kidogo, na rundo nene litatandaa hadi lishike ukuta wa chungu.

Tundu la kupitishia uzi nalo? Wakrobo wa Ghana walilitatua zamani. Wao husaga chupa kuwa unga, wanaujaza kwenye vibao vya udongo vilivyopakwa udongo mweupe, na katikati ya kila shimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Motoni kijiti kinaungua, tundu linabaki. Mimi hulaza kipande cha karatasi isiyoungua kati ya vioo viwili, halafu nakitoa kwa maji. Ya Wakrobo ndiyo akili, yangu ni kununua.

Msimu mzuri ni huu wa jua, Januari hadi Machi mvua zikikawia. Madirisha yako wazi, chupa zinakauka uani kwa saa moja. Ubaya ni kwamba chumba kimoja chenye mabati na kitu cha nyuzi 800 ni mateso, kwa hivyo mimi huchoma saa kumi na moja alfajiri. Keyateka alidhani napika chang'aa. Nilimpa mkewe herini, yakaisha.

Yule dada bado anavaa kidani chake cha pili. Juzi aliniuliza kama naweza kumfanyia herini za kulandana nacho, kijani kile kile. Chupa ile iliisha. Sasa nazunguka mtaani nikiuliza nani anakunywa divai ile, na mimi mwenyewe sinywi.