Tai za Kale: Je, Zaweza Kurejea Shingoni?

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mahojiano ya kazi hununua tai moja, akafunzwa kuifunga na mwenzake wa bweni, na mjadala wa vazi la shingoni humwishia hapo. Makala haya yanauliza iwapo mavazi yaliyoitangulia tai hiyo yanaweza kurejea.

Neno tai, tulilolitohoa kutoka Kiingereza, lilimkuta tai mwingine, yule ndege, keshatua katika lugha. Upatanisho wa kisarufi ndio unaowatenganisha: ndege ameruka, vazi limekuwa "tai imelegea". Wasemaji wa Kiswahili nchini Kongo wao husema kravati, kutoka Kifaransa, na neno hilo lina safari ndefu zaidi. Katika karne ya 17, askari wa Kikroatia waliomtumikia mfalme wa Ufaransa walijifunga kitambaa shingoni, nacho kikapewa jina la watu hao. Makabaila wakakiiga, wakakipamba kwa lesi, na baadaye wakakitia wanga. Kukifunga barabara kulidai muda, kioo, na mara nyingi mtumishi. Tai ndefu ilikishinda kwa wepesi wake, hasa baada ya Jesse Langsdorf wa New York, katika miaka ya 1920, kukata kitambaa mshazari na kukiunga kwa vipande vitatu, ikawa haipotoki umbo.

Je, kilichoshindwa kwa wepesi kitarudi? Kongo ina jibu la ajabu. Mwaka wa 1972, katika siasa yake ya kurejea asili, Mobutu Sese Seko alipiga marufuku suti na tai za Kizungu. Badala yake likaja vazi la abacost, jina litokanalo na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na ipotee". Hata hivyo, shingo haikuachwa tupu. Mobutu mwenyewe alivaa abacost na kitambaa kilichokunjwa ndani ya kola; yaani kravati ya makabaila, imerudi kwa mlango wa uzalendo! Tai iliruhusiwa tena mwaka wa 1990, pamoja na vyama vingi.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu, vazi la kale hurejea pale tai inapoondolewa, si pale inapochosha. Hapa Kenya, Spika Moses Wetang'ula alipopiga marufuku suti za Kaunda Bungeni, Novemba 2023, alisisitiza koti na tai. Amri kama hiyo haiachi nafasi ya kravati. Mahakamani nako, vile vitambaa viwili vyeupe vya mawakili vimedumu kwa sababu ya kanuni tu. Hakuna awezaye kuvivaa arusini.

Ikirejea, tuiite nini? Skafu haifai, kwani hilo tayari ni vazi la skauti na la baridi. Napendekeza kravati, katika ngeli ya I-ZI, kwa kuwa imo tayari vinywani mwa wenzetu wa Lubumbashi.