Lenzi ya Zamani, Kamera Mpya: Kweli na Uongo Kuhusu Adapta

Sherehe za kitaifa za Madaraka zilipofanyika Uwanja wa Kinoru, Meru, tarehe 1 Juni 2018, Nikon na Canon zilikuwa bado hazijatoa kamera ya fremu kamili isiyo na kioo. Nikon ilitangaza Z6 na Z7 Agosti mwaka huo, na Canon ikafuata na EOS R mwezi Septemba. Waliokuwa wamekusanya lenzi za DSLR kwa miaka mingi wakabaki na swali la pesa: wauze zote waanze upya, au wanunue adapta? Tangu hapo maneno yamekuwa mengi kuliko majibu. Kwa anayetafuta riziki kwa harusi, mahafali na mechi za Kinoru, haya ndiyo yanayosemwa sana, na ukweli wake.

“Adapta inapunguza ubora wa picha.”

Si kweli. Ndani ya adapta ya kawaida hamna lenzi hata moja. Ni mrija mtupu. Kwenye DSLR ya Canon, lenzi hukaa milimita 44 kutoka kwenye kihisi kwa sababu katikati pana kioo kinachopanda na kushuka. Kwenye EOS R, umbali huo ni milimita 20. Kazi ya adapta ni kujaza zile 24 zilizobaki. Kwa Nikon ni 46.5 kutoa 16, yaani 30.5. Hakuna mwanga unaopotea humo.

Kinachoharibu picha ni adapta iliyotengenezwa ovyo. Ikiwa imeinama kidogo tu, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na wa pili utafifia. Ni rahisi kuigundua: simama mkabala na viti vya jukwaani, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, piga, kisha kuza kwenye skrini pembe ya kushoto na ya kulia. Zikitofautiana waziwazi, jaribu tena kwa adapta nyingine kabla ya kuilaumu lenzi.

“Mradi inaingia, itafanya kazi.”

Si kweli, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Lenzi za Canon EF, tangu zilipoanza mwaka 1987, hufungua na kufunga tundu kwa umeme, wala hazina pete ya kulizungusha kwa mkono. Ukinunua adapta isiyo na pini za umeme kwa sababu ni rahisi, lenzi itakaa vizuri kabisa, lakini tundu litabaki wazi na fokasi ya kiotomatiki haitakuwepo. Adapta yenye pini ni mkalimani kati ya kamera na lenzi. Isiyo na pini ni bomba tu.

Hata adapta ya kampuni yenyewe ina mipaka yake. FTZ ya Nikon haina mota ya kuzungusha lenzi. Kwa hiyo AF-S na AF-P, zenye mota ndani yake, zinalenga zenyewe, ilhali AF-D za zamani utazilenga kwa mkono.

“Lenzi za Sigma na Tamron lazima zisumbue kwenye kamera mpya.”

Nusu kweli. Kwa muda mrefu kampuni hizi zilijifunza lugha ya Canon na Nikon kwa kuichunguza tu, bila kupewa siri zake. Kamera mpya ikibadilisha lugha hiyo kidogo, lenzi inaweza kugoma au kulenga kwa kusitasita. Mara nyingi tiba ni kusasisha programu iliyo ndani ya lenzi. Sigma ina kifaa chake, USB Dock, na Tamron ina TAP-in Console. Lakini si kila lenzi ya zamani inakubali vifaa hivyo. Basi muulize muuzaji mapema: lenzi hii inasasishwa vipi, na ni nani atakayeisasisha?

Zaidi ya hayo, kuna vizuizi vinavyotoka kwa kampuni ya kamera. Sony, kwa mfano, huziruhusu lenzi za kampuni nyingine zisizidi picha 15 kwa sekunde kwenye a9 na a1. Kwa harusi, 15 ni nyingi mno. Anayepiga picha za mpira wa kona ndiye atakayeona tofauti.

“Lenzi ya DSLR inaweza kulenga kwa usahihi zaidi kwenye kamera isiyo na kioo.”

Kweli, ingawa wengi hawaamini. DSLR hupima fokasi kwa kihisi cha pembeni, kilicho chini ya kioo. Vipimo vikitofautiana kidogo, macho ya bibi harusi yanafifia na masikio yanatoka makali. Kamera isiyo na kioo hupima kwenye kihisi kilekile kinachopiga picha, hivyo kosa la aina hiyo linaondoka. Kwa video, hata hivyo, mota za zamani zinaweza kupiga kelele na kusogea kwa kurukaruka.

“Lenzi za RF, zile za EOS R, nazo zinawekwa kwenye DSLR kwa adapta.”

Si kweli. Lenzi hiyo ingehitaji kuingia milimita 24 ndani ya kamera, mahali penye kioo.

“Lenzi za mkono zisizo na umeme ni takataka.”

Si kweli. Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, bado inapiga picha za sura zenye mandhari ya nyuma yanayozunguka kwa namna ya kupendeza. Ruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi, iandikie 58 ili kitulizaji chake kifanye kazi sawasawa, kisha washa rangi zinazoonyesha sehemu iliyolengwa. Kwa mchezaji anayekimbia, iache nyumbani.

“Adapta inabeba uzito wowote.”

Si kweli. Sigma 150-600mm ya daraja la Contemporary ina karibu kilo 2. Funga stendi kwenye mguu wa lenzi yenyewe, wala usibebe mzigo wote kwa kushika kamera. Na ukiwa pembeni ya uwanja mvua za Novemba zikianza, kumbuka kwamba adapta nyingi za bei nafuu hazina mpira wa kuzuia maji.

Adapta ni njia halali ya kuhamia kamera mpya bila kuuza lenzi zako kwa hasara, na anayekuambia itaharibu picha amekosea. Shida iko kwenye mawasiliano, nayo hupimwa kwa dakika chache. Nenda dukani na kamera yako mwenyewe. Weka tundu f/8 uone kama linafunga. Mwambie mtu atembee akija kwako huku fokasi ikimfuata. Kagua taarifa za picha kama jina la lenzi limeandikwa. Kurudisha adapta Nairobi kutoka Meru ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Muuzaji akikukatalia kujaribu, usimlipe.