Mashini iliyofundishwa kusema kama mtoto

Sisi tunaofundisha watoto tunajua jambo hili la ajabu: neno alilosema mtoto vizuri jana, leo analikosea. Katika Kiingereza jambo hilo laonekana wazi. Kwa kutaja mambo yaliyopita, maneno mengi ya kitendo huongezewa mkia -ed tu. Lakini mengine hayafuati sheria, kama go, ambalo hugeuka went. Mtoto mdogo husema went barabara, kama alivyolisikia kwa mama yake. Baadaye anaanza kusema goed, neno ambalo hakufundishwa na mtu ye yote. Halafu polepole anarudi kwenye went. (Katekista asikasirike upesi, basi: kuna makosa yanayoonyesha kwamba mtoto ameacha kukariri, anatafuta sheria.)

Lakini je, sheria hiyo imo kweli akilini mwake? Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, David Rumelhart na James McClelland, walijaribu kujibu kwa mfano wa kompyuta. Hawakutia ndani yake sheria yo yote. Waliweka vifundo vingi vilivyounganishwa, vikifuata kwa mbali sana namna ya ubongo, na kila kiungo kina nguvu yake, kubwa au ndogo. Mashini yapewa neno, nayo yajibu. Ikikosa, nguvu za viungo zarekebishwa kidogo. Ni hayo tu. Walianza na maneno 10, ambayo 8 hayafuati sheria; kisha wakaongeza mengine 410. Na tazama, mashini nayo ilianza kukosea yale iliyokwisha kuyajua, halafu ikajisahihisha!

Wengi walishangilia. Lakini mwaka 1988 Steven Pinker na Alan Prince waliipima kazi hiyo kwa ukali. Kati ya hoja zao, moja twaiona nzito kupita nyingine: mashini ilikosea kwa sababu ilimwagiwa maneno 410 mara moja, na mengi yake yafuata sheria. Nyumbani hakuna mama anayemmwagia mtoto maneno hivyo. Tena, kwa neno mail mashini ilijibu membled, kosa ambalo si la kitoto hata kidogo.

Mwaka 2018 wengine walirudia swali lilelile kwa mashini mpya zenye uwezo mkubwa zaidi, zikajifunza karibu maneno yote. Mwaka uliofuata zilipimwa kwa maneno ya kubuni, na majibu yake hayakulingana vema na majibu ya watu.